Kopo Haliulizi

Msimamizi wetu hakuwa na haja ya macho. Alikaa ndani ya chumba chake kidogo cha mbao mwisho wa karakana, mlango kaufunga, kikombe cha chai mkononi, akasikiliza. Cherehani zote zikilia, hapakuwa na mtu mwema kama yeye duniani. Moja ikinyamaza kupita muda wa kubadilisha uzi, mlango ulifunguka na kichwa kikatokeza. "Nani huyo kalala?" Nyuma ya mgongo wake tulimwita Masikio. Mbele yake tulimwita Bosi, naye akaamini tunampenda.

Mimi nilikuwa mpiga pasi, na pasi hailii, kwa hiyo niliweza kusimama nikavuta pumzi bila kutafutwa. Wenzangu waliniita Dada Moto. Walisema ni kwa sababu ya pasi. Waongo wakubwa. Ilikuwa kwa sababu ya ulimi wangu, na sikatai, mtu akinikanyaga simwambii asante.

Tulishona sare za shule. Mashati, sketi, kaptula, na masweta ambayo nembo za shule zilitariziwa kifuani. Masikio alikuwa na mshahara mkubwa kuliko sisi sote, lakini aliyeishika karakana ile alikuwa Mama Kopo, fundi wetu mkongwe. Jicho alilokuwa nalo sijaliona kwa mtu mwingine. Mpelekee kifungo kilichopasuka, akitazame mara moja, aingize mkono kwenye ndoo ya vifungo vya zamani, akutolee pacha wake. Kwake uzi mweupe haukuwa mweupe tu, palikuwa na mweupe wa maziwa, mweupe wa chaki na mweupe wa jino, na ole wako umletee wa jino kwenye shati la chaki. Tena hatukutupa kitu pale. Zipu iliyokufa, kipande cha bitana, uzi wa urefu wa kiganja, vyote vilikuwa na mahali pake, na Mama Kopo alipajua.

Kopo lenyewe lilikuwa la biskuti, la bati, picha ya kifuniko imefutika kwa kushikwa. Lilikaa chini ya cherehani yake, karibu na mguu. Ndani mlikuwa na vidonge. Yeyote aliyebakiza dawa nyumbani alileta, iwe ya jino la mume, ya mgongo wa mama mkwe, au ya homa iliyopona kabla dawa haijaisha. Mama Kopo alikata vidonge kimoja kimoja kwa mkasi, akapunguza pembe za karatasi ya bati zisimchome vidole, akavipanga kwa rangi na umbo katika vifuko vidogo alivyovishona mwenyewe. Alivipanga vile vile alivyopanga vifungo. Majina ya dawa na tarehe za kwisha kwake vilidondoka sakafuni, na jioni vilifagiwa pamoja na nyuzi.

Sasa fikiria karakana iliyojaa wanawake, na bosi anayewahesabu kwa masikio. Kila mwezi kila mtu alipata zamu yake. Ukibanwa na tumbo, ulimtazama Mama Kopo ukashika kiuno, basi. Neno lenyewe hatukulitamka, tulisema "nina mgeni." Mama Kopo aliinama, mguu wake haujatoka kwenye pedali, mkono ukazama koponi. "Nyeupe ya tumbo hii," angesema. "Ikigoma, njoo nikupe ya waridi, ya mgongo." Unameza kwa maji ya bomba, unarudi kwenye kiti, na Masikio hajui kitu. Tulimpenda kwa hilo. Hata mimi nilimpenda, na mimi si mwepesi wa kupenda watu.

Nilipomleta mdogo wangu kazini, Mama Kopo ndiye aliyemfundisha mashine ya nembo. Mdogo wangu tulichangia ziwa, na pale walimpa jina la Chiriku siku ya kwanza kabla ya saa ya chai. Alikuwa na maneno yule! Aliongea na mashine, akaongea na uzi, akaigombeza sindano kwa jina. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi. Nembo ya kitabu na mwenge iliyowatoa wengine jasho, yeye aliitariza huku akisimulia ugomvi wa majirani, na mwenge ukatoka umenyooka.

Tatizo lilikuwa siku zake. Si maumivu ya kushika kiuno na kuguna. Mdogo wangu alijikunja, alitapika, aligeuka rangi. Maumivu hayo yalikwishamtoa shule, maana mitihani haikumsubiri mtu aliyelala sakafuni. Mwezi wake wa kwanza karakanani, siku hizo zilipofika, hakuamka kabisa. Mwezi wa pili aliamka, akaja, akaondoka kabla ya chakula cha mchana. Masikio akatoka chumbani, akasimama mbele ya mashine ya nembo iliyokuwa kimya.

"Mwambie mdogo wako," aliniambia, "nikisikia hii imenyamaza tena, namkalisha mtu mwingine. Sina ubaya naye."

Nilimfikishia. Chiriku alikuwa kitandani, kaukumbatia mto. Hakulia. "Shuleni yalinitoa," alisema. "Hapa hayanitoi. Kama ni kufa, nitafia kwenye kiti."

"Funga mdomo wako," nilimwambia, maana maneno mengine husikiwa na wasiopaswa kuyasikia.

Basi mwezi wa tatu alikwenda kwenye kopo. Mama Kopo alimpa nyeupe, akamwongezea ya waridi, na mashine ikalia mpaka jioni. Tulirudi nyumbani tukicheka. Mwezi wa nne nyeupe peke yake haikufua dafu, wala ya waridi, ikabidi nyeupe nyingine mchana. Kula hakuweza, tumbo lilikataa hata chai. "Nitakula yakishapita," alisema. Nami nilimwona anafanya kazi, nikashukuru.

Mwezi uliofuata uliangukia wakati wa kufungua shule. Masweta yalirundikana mpaka dirishani. Asubuhi Chiriku alipita mbele ya meza yangu bila neno, na hilo peke yake lingetosha kunishtua kama nisingekuwa na mlima wa mashati. Nilimwona Mama Kopo akimpa kidonge, kisha kingine baada ya saa ya chai, ambayo Chiriku hakuinywa. Halafu akampa kimoja cha manjano nisichokijua. "Hiki ni cha kiuno," nilimsikia akisema. "Umevumilia sana, mwanangu."

Mchana mashine ya nembo ilinyamaza. Niligeuka nikamwona mdogo wangu anajaribu kusimama, mkono mmoja umeshika sweta la mtoto wa watu. Akatapika. Kilichotoka kilikuwa cheusi, punje punje, kama masalia ya kahawa, na mwishoni kikaja chekundu. Mlango wa mbao ukafunguka. "Nani huyo ka..." Masikio hakumaliza. Cherehani zote zilikuwa kimya, kitu ambacho sikuwahi kukisikia mle ndani mchana.

Kituo cha afya kilikuwa mtaa wa pili. Nilimbeba mgongoni nusu ya njia, nusu nyingine sikumbuki. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, mikono haitulii. Huku anamwekea maji ya mshipani, alianza kuniuliza.

"Amekula nini leo?"

"Hajala."

"Amemeza dawa gani?"

"Nyeupe," nilisema.

Akanitazama. "Nyeupe gani?"

"Ya tumbo."

"Dada yangu, hapa nina kabati zima la nyeupe. Inaitwaje?"

Mdogo wangu amelala pale, midomo imekauka, na mimi dada yake nilikuwa najua rangi tu. Nilitamani nijipige makofi.

Hapo akaingia Mama Kopo, anahema, kopo kifuani. Alikuja amelishika kwa fahari, nakuambia. Alijua analeta msaada. "Hizi hapa, mwanangu," alimwambia muuguzi. "Nyeupe imetoka mfuko huu, ya waridi huu, na ya manjano hii hapa. Kila moja na kazi yake."

Muuguzi alimwaga vifuko kwenye sinia la chuma, akavaa miwani, akaanza kusoma herufi ndogo zilizochongwa juu ya vidonge, vile vilivyokuwa nazo. Alitenga viwili. "Hii nyeupe ni ibuprofeni. Hii ya waridi ni diklofenaki. Rangi mbalimbali, lakini ni ndugu hawa. Anayemeza moja hamezi nyingine. Zote zinachubua tumbo, na tumbo likiwa tupu ndiyo basi tena. Hii ya manjano siijui, haina alama, na sitabahatisha." Kisha akachukua vidonge viwili vyeupe, akaviweka kwenye kiganja, akamsogezea Mama Kopo. "Na hivi, mama, unavionaje?"

Mama Kopo aliinama. Alivitazama kwa lile jicho lake, kwa muda mrefu. "Ni kitu kimoja," alisema. "Mpaka ukingo."

"Hiki ni cha maumivu. Hiki ni cha presha."

Mama Kopo alinyoosha mkono kama anataka kuvigusa, akaurudisha.

"Mgonjwa amewahi kuwa na vidonda vya tumbo?" muuguzi aliniuliza.

"Alipokuwa shule. Alitibiwa, akapona."

"Alikuambia, mama?"

"Sikumuuliza," alisema Mama Kopo.

"Duka la dawa lingemuuliza. Karatasi ndani ya boksi ingemwonya." Muuguzi hakusema kwa ukali, alikuwa amekwisha kumgeukia mgonjwa. "Kopo haliulizi."

Walimhamishia hospitali kubwa alasiri ile, wakamwongezea damu. Daktari alisema kidonda cha zamani kimefunguka, na tungechelewa kidogo tu angekuwa anaongea na sisi habari nyingine. Nilitoka nje nikamkuta Mama Kopo kwenye benchi, kopo mapajani. Hasira zangu zikapata mtu.

"Umetaka kuniulia mdogo wangu," nilimwambia. "Wewe na takataka zako. Nani alikupa udaktari?"

Wazee wengine ukiwatukana hukutukana mara mbili, na ningefurahi angefanya hivyo. Yeye alikaa tu, vidole vinazunguka ukingo wa kifuniko.

Siku zilizofuata alikuja kila jioni baada ya kazi. Haingii wodini, anakaa kwenye lile benchi. Mimi napita na chupa ya uji, simsalimu. Chiriku alipoanza kupata nguvu akaniambia, "Dada, yule mama atageuka benchi. Mwite." Nikasema simwiti. Akasema, "Basi mimi nitanyanyuka na haya maji yangu ya mshipani nimfuate." Alikuwa anaweza. Nikaenda kumwita.

Hakusimama. Aliniambia nikae, nikakaa, ingawa sikutaka.

"Mimi pia nilikuwa na mashine ya nembo," alisema. "Ujanani, kiwanda kingine. Nilikuwa na mkono kama wa mdogo wako. Na tumbo kama lake. Kila mwezi napotea siku mbili, nikirudi nadanganya, mara nimefiwa, mara mtoto anaumwa, na mtoto mwenyewe sina. Siku moja nimerudi, nimemkuta mtu kwenye kiti changu. Hata mto wangu wa kukalia hawakunipa." Alinyoosha gauni magotini. "Sikugusa tena mashine ya nembo mpaka nilipomfundisha Chiriku. Nikajiapia, hakuna msichana atakayetolewa kwenye kiti mbele yangu. Nikaanza kukusanya. Sikumuuliza mtu kitu, kweli. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi."

Nilitafuta zile hasira zangu, nikazikuta zimepoa. Bado nilikuwa naogopa, bado niliona ule weusi sakafuni kila nikifumba macho. Lakini nilimshika mkono. "Twende," nilisema. "Anakuita, na ukichelewa atatutia aibu wodi nzima."

Chiriku aliporuhusiwa, Masikio alisema kiti chake kipo, ila sharti ni lile lile. Nadhani hata yeye aliona haya, maana alilisema akitazama ukuta.

Jumamosi ile mimi na Mama Kopo tulikwenda duka la dawa, yeye na kopo lake ndani ya kikapu. Alimkabidhi mfamasia vidonge vyote viende kuteketezwa. Kilipotoka kifuko cha mwisho, alikikung'uta na kukitia mfukoni, maana kifuko alikishona mwenyewe. Kisha akaomba dawa ya maumivu ya siku za mwezi, kwa sauti ya chini ya mtu anayeagiza bangi.

Mfamasia, mwanamke wa makamo, alianza. Ni ya nani? Ana umri gani? Vidonda vya tumbo? Pumu? Ini lake zima? Ana mimba, au anadhani anayo? Kuna dawa nyingine anayotumia?

"Mbona maswali ya posa haya?" alisema Mama Kopo.

"Posa ukikosea, wanarudisha mahari. Hapa ukikosea hurudishiwi kitu."

Nilicheka. Mama Kopo alinitazama vibaya, kisha akacheka na yeye, mara ya kwanza tangu siku ile. Mfamasia alitupa parasetamoli, kwa sababu ya lile tumbo. Akatusomea boksi: kiasi hiki kwa mara moja, kila baada ya saa kadhaa, na kwa siku usipite hapa, maana ukizidisha huumiza ini. Dawa nyingi za mafua zina hiyo hiyo ndani, mtu akiwa na mafua asizichanganye. "Na msikate," alisema. "Iache kwenye karatasi yake, ndani ya boksi lake, mpaka kidonge cha mwisho. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo inasaidia. Lakini maumivu yanayozidi mwezi hadi mwezi si ya dukani kwangu. Hayo ni ya daktari wa wanawake."

Tulichukua siku ya daktari. Ilikuwa mbali, baada ya mwezi mwingine kufika, na tulijua wote watatu kitakachotangulia.

Kilikuja siku ya katikati ya wiki. Asubuhi Chiriku alikula mkate kwa chai, akalazimishwa kila tonge na mimi. Akasoma boksi kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili, akameza ilivyoandikwa, akaja kazini na chupa ya maji ya moto ndani ya kanga. Dawa ilipunguza, haikumaliza. Kabla ya saa ya chai nikaona mkono wake unalegea juu ya sweta, na macho yakatafuta chini ya cherehani ya Mama Kopo, mahali pa kopo. Pale palikuwa patupu. Nilishika pasi nikasema moyoni, ndiyo haya sasa, anapoteza kiti.

Mama Kopo aliondoa mguu kwenye pedali. Cherehani yake ikanyamaza. Ukiacha siku ile ya damu, tangu niingie karakana ile sikuwahi kuisikia ikinyamaza katikati ya shati. Alinyanyuka, akaenda kwenye mashine ya nembo, akamshika Chiriku mabega. "Nenda kalale kwenye marobota ya vitambaa," alisema. "Sogea." Akakaa. Mashine ya nembo ikalia.

Mlango wa mbao ukafunguka. Masikio alitazama moja kwa moja cherehani iliyokuwa kimya, kiti kitupu.

"Mama, vipi? Hujawahi..."

"Nimehamia hapa," alisema Mama Kopo, bila kuacha kushona. "Mtoto ana hedhi. Tumbo linamuuma. Nakaa mimi mpaka apate nafuu, na shati zangu nitazimaliza kesho."

Lile neno lilitembea karakana nzima. Miguu ikatoka kwenye pedali, mmoja baada ya mwingine, si kwa mpango, nadhani ni mshangao tu. Tulikuwa tunamtazama Masikio, na Masikio alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wiki ijayo ana siku ya daktari," Mama Kopo aliendelea. "Nitakaa tena. Na mwezi ujao. Ukitaka kumkalisha mtu mwingine hapa, Bosi, utaninyanyua mimi kwanza."

Masikio alishika kitasa cha mlango. Akasema, "Masweta yasichelewe tu." Akaingia ndani, akavuta mlango polepole, na safari hii sisi ndio tuliokuwa tunamsikiliza yeye. Tulisikia kiti kikilia, kijiko kikigonga kikombe, kisha kimya.

Wenzangu walirudi kwenye kazi. Mimi nilibaki nimesimama. Mama Kopo alikuwa ameinamia nembo, na nikaona anafuta macho kwa mkono wenye uzi.

Nyuma ya marobota ikatoka sauti, dhaifu, ya ubishi.

"Mama! Hiyo bluu siyo. Ya mwenge ni ile iliyokoza. Naiona hapa nilipo. Unaniharibia nembo yangu, halafu kesho nani atafumua? Mimi! Na hiyo sindano usiilazimishe, haipendi kulazimishwa, iambie polepole..."

Aliendelea hivyo hivyo, hakunyamaza. Mama Kopo, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukosea rangi, alikata ule uzi akatafuta mwingine. Nami nililia pale pale mbele za watu, na shati la mtoto wa watu nikaliunguza.